Wastaafu wa Jeshi na Makadeti Wetu: Namna ya Kuwashika Mkono na Kuwatunuku

Kwenye vikao vingi vya wastaafu, likitajwa tu suala la kuwatambua makadeti, mazungumzo huanzia kwenye ngao: itachongwa wapi, itaandikwa nini, nani ataikabidhi. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Kijana anayetaka kuwa ofisa anahitaji mtu wa kumkagulia vyeti, wa kukimbia naye asubuhi, wa kumweleza ukweli wa maisha ya kambini, na wa kumpokea iwapo atarudishwa nyumbani kabla ya kumaliza mafunzo. Tuzo ina heshima pale inapotoka kwa mtu aliyefanya hayo yote. Ikitoka kwa mgeni aliyefika siku ya sherehe, kijana ataitundika ukutani na kuisahau.

Nimewaandikia wazee na mama zetu wa Bombo, Jinja, Mbarara, Gulu, Arua na kila mji wa Uganda ambako familia za jeshi zimeishi vizazi kadhaa. Mna kitu ambacho shule haina na serikali haiwezi kukinunua. Zifuatazo ni hatua za kukifikisha kwa vijana bila kuvunja sheria na bila kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Hatua ya 1: Jueni mnamzungumzia kadeti yupi

Neno kadeti hutumika kwa watu wa aina tatu, na kila aina ina mipaka yake.

Wa kwanza ni ofisa kadeti aliyekwisha kuchukuliwa na UPDF, jeshi la Uganda, na yuko Chuo cha Kijeshi cha Uganda, Kabamba. Huyu yuko mikononi mwa jeshi. Mwisho wa kozi hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu na kutoka akiwa Luteni Usu. Hamwezi kumfundisha wala kumtembelea mnavyotaka. Mnachoweza ni kuitunza familia yake na kumwandalia mapokezi.

Wa pili ni kijana aliyemaliza Senior Six au chuo kikuu, anayesubiri tangazo la kuandikishwa. Hapa ndipo kazi yenu kubwa ilipo, kwa sababu hakuna mwingine anayemshughulikia. Shule imemwachia na jeshi bado halijamchukua.

Wa tatu ni mwanafunzi wa sekondari aliye kwenye klabu ya uzalendo, skauti au girl guide (skauti wa kike), anayependa gwaride na nidhamu. Vilabu vya uzalendo vina sekretarieti yake chini ya Ofisi ya Rais, na skauti wako Uganda tangu 1915, kwa hiyo hamna haja ya kuanzisha kikosi chenu. Nendeni palipo na kitu tayari.

Wengi hutolea mfano wa Marekani, ambako mafunzo ya maofisa ndani ya vyuo vikuu, ROTC, yalianzishwa kisheria mwaka 1916, na vyama vya wastaafu kama American Legion na Veterans of Foreign Wars huwapa makadeti nishani zao. Mfano ni mzuri, ila msiunakili mzima mzima. Kwetu njia kuu ya kuwa ofisa hupitia Kabamba, na nishani ya kuvaliwa kwenye magwanda hutolewa na dola. La kuiga ni utaratibu wao: vigezo vimeandikwa, wakufunzi wanaomwona kijana kila siku ndio wanaopendekeza jina, na tuzo hurudi kila mwaka bila kukosa.

Jambo moja halina mjadala. Sheria ya UPDF ya 2005 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuandikishwa jeshini. Nchi hii ilishaona watoto wakibeba bunduki, na wapo miongoni mwenu waliokuwa makadogo wenyewe. Kwa hiyo mnapokwenda sekondari mnakwenda kulea raia, siyo kukusanya makuruta. Msiorodheshe majina ya watoto "wanaofaa", msiwaahidi nafasi, na msiende na silaha, hata ile isiyo na risasi.

Hatua ya 2: Patanisheni nyumba yenu kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayovunja miradi.

Wastaafu wa Uganda hawakutoka jeshi moja. Wapo familia za waliokuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, ambao kikosi chao cha 4 kilipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Wapo waliovaa magwanda ya Uganda Army baada ya uhuru wa 1962, wapo wa UNLA, jeshi la serikali baada ya Amin kuangushwa, wapo wa NRA, wapiganaji wa Museveni waliotoka msituni mwaka 1986, na wapo wa UPDF waliorudi kutoka Somalia, ambako Uganda ilipeleka wanajeshi kuanzia Machi 2007. Kuna waliopunguzwa jeshini kuanzia 1992, zaidi ya 36,000 kwa miaka michache, na wengine wao hadi leo wanahisi hawakuagwa vizuri. West Nile kuna waliokuwa waasi wa UNRF II, waliosaini amani Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Watu hawa wamewahi kutazamana kupitia mtutu wa bunduki. Kijana wa miaka ishirini hajui hayo, lakini atayasikia katika sauti zenu mkimfundisha huku mmenuniana.

Kaeni kikao kimoja ambacho ajenda yake ni hiyo pekee. Kubalianeni mtawaambia vijana nini kuhusu vita mlivyopigana pande tofauti. Ushauri wangu: kila mzee aeleze alichokiona na alichokifanya mwenyewe, asimsemee adui wa zamani, na asiwagawie vijana lawama za kurithi. Msingi wa pamoja mnao tayari ndani ya Katiba ya 1995. Ibara ya 208 inataka jeshi lisiloegemea chama, lenye sura ya kitaifa, la kizalendo, la kitaalamu, lenye nidhamu, lenye kuzalisha, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Mzee wa UNLA na mzee wa NRA wote wanaweza kusimama nyuma ya maneno hayo.

Katika kikao hichohicho malizeni na mambo ya siasa. Vikundi vya wastaafu hufuatwa sana wakati wa kampeni, na mwanasiasa mwenye bahasha atafurahi kupigwa picha akimkabidhi kadeti ngao. Andikeni kwenye kanuni zenu kwamba hakuna tuzo itakayotolewa kwenye mkutano wa chama chochote, na kwamba katika mwaka wa uchaguzi mgeni rasmi hatakuwa mgombea. Mkiliandika mapema, halitakuwa ugomvi na mtu fulani, litakuwa kanuni.

Mambo ya karatasi hayana mengi. Kikundi kisajiliwe kupitia Ofisa wa Maendeleo ya Jamii wa eneo lenu, kiwe na akaunti ya benki kwa jina la kikundi na watia saini watatu, angalau mmoja wao mwanamke.

Hatua ya 3: Ombeni ruhusa kabla ya kumgusa kijana yeyote

Kwa shule, barua iende kwa mwalimu mkuu, nakala kwa bodi ya shule. Semeni mtakuja siku gani, nani atakuja, mtafanya nini, mtaondoka saa ngapi. Ombeni mwalimu mmoja awepo wakati wote. Wazazi wa wanafunzi walio chini ya miaka 18 watie saini kukubali.

Kwa jambo linalogusa chuo cha kijeshi au kambi, barua ipitie Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wastaafu, Mbuya, au ofisi ya UPDF inayoshughulikia ushirikiano wa jeshi na raia. Wengine hufikiri kwamba kwa kuwa walikuwa wanajeshi wanaweza kuingia getini kwa kumtaja afande fulani. Huenda mkaingia, lakini afande yule akihamishwa mradi wenu unahama naye. Barua yenye muhuri inabaki kwenye faili.

Mkuu wa Wilaya, yaani RDC, ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Mjulisheni mapema kwamba mtakuwa mnakimbia na vijana alfajiri. Kundi la vijana wanaokimbia mchakamchaka wakiongozwa na wanajeshi wa zamani linaweza kueleweka vibaya sana na mtu asiye na habari. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, naye ajue.

Hatua ya 4: Msaidieni kijana anayesubiri

Hapa nitakaa zaidi.

Anzeni na vyeti. Vijana wengi wazuri huanguka mezani kabla hawajakimbia hata mita moja. Jina kwenye kitambulisho cha taifa ni Okello John, kwenye cheti cha Senior Four ni John Okelo, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Okello J. Mwaka wa kuzaliwa nao unatofautiana. Kusahihisha mambo haya NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, huchukua muda, na wakati mwingine lazima kijana apate kiapo kwa wakili. Tangazo likishatoka, muda huo haupo tena. Kwa hiyo tengeni Jumamosi moja kila baada ya miezi mitatu, kijana aje na karatasi zake zote, na mzee mwenye macho makini (kila kikundi kina aliyekuwa karani wa kambi) azipange mezani na kuzilinganisha herufi kwa herufi. Barua za utambulisho kutoka LC1 kwenda juu nazo zina utaratibu wake, na mzee anayejulikana mtaani anaweza kumsindikiza kijana hadi kwa mwenyekiti.

Pili, walindeni na matapeli. Kila msimu wa kuandikisha hujaa watu wanaodai wana "laini" ya mkubwa fulani na kuomba mamilioni. Wazazi huuza ng'ombe, wengine kiwanja. UPDF imerudia mara nyingi kwamba kuandikishwa ni bure. Sauti ya mstaafu ina uzito hapa kuliko tangazo la redio, kwa sababu mzazi anakuuliza wewe, "Afande, kweli hakuna kitu kidogo cha kutoa?" Mjibuni bila kuzungusha: hakuna. Na lazima niseme wazi, wakati mwingine tapeli mwenyewe ni mstaafu, au anajifanya mstaafu. Kikundi kiweke kanuni kwamba mwanachama atakayechukua hata shilingi moja ya kijana kwa ahadi ya nafasi atafukuzwa na kufikishwa polisi. Kanuni hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wazazi.

Tatu, mazoezi. Kijana aliyekulia kwenye viti vya chuo kikuu hawezi kujiandaa kwa wiki mbili. Mpeni miezi minne hadi sita. Mwanzoni atembee haraka na kukimbia kwa kupokezana, siku tatu kwa wiki, kisha muongeze umbali polepole. Wazee hupenda kuanza pale walipoishia wao, wakiwa na miaka 22 na buti miguuni. Goti la kijana likivunjika kwa sifa zenu, safari yake imeisha. Maji yawepo, mtu anayejua huduma ya kwanza awepo, na mwenye pumu au ugonjwa wa selimundu aonwe na daktari kwanza. Fimbo haina nafasi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yalipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na hata kwa mtu mzima ninyi si wakufunzi wake wa jeshi. Mkufunzi mzuri kati yenu ni yule ambaye sauti yake pekee ilitosha.

Nne, Kiswahili. Vijana wengi wa Uganda wamesoma kwa Kiingereza na nyumbani wanazungumza Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, Kinyankole au Kiteso. Wakifika kambini wanakuta Kiswahili ndicho kinachowaamsha, kinachowapanga na kinachowaadhibu. Mguu sawa, mguu pande, kulia geuka, nyuma geuka: aliyeyasikia mara ya kwanza siku hiyo hujikuta amegeuka peke yake. Ninyi Kiswahili hiki mmekiishi. Familia za Bombo na kota za jeshi zimekilea tangu enzi za King's African Rifles. Fungueni darasa la jioni, la muda wa saa moja na nusu, mara moja kwa wiki. Siku ya kwanza fundisheni amri za gwaride kwa vitendo. Baadaye mpitie namna ya kutoa ripoti kwa mkubwa, majina ya vyeo, namba, saa, pande za dunia, namna ya kuomba ruhusa, namna ya kusema "sijaelewa, afande" bila kutetemeka. Waacheni wakosee. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, hivyo hata kijana ambaye hatachukuliwa jeshini ataondoka na kitu cha kumsaidia sokoni na mpakani. Nikiambiwa nichague jambo moja tu ambalo kikundi kisicho na fedha kifanye, nitachagua darasa hili. Ubao na chaki vinatosha.

Tano, waambieni ukweli. Wekeni vikao ambavyo kijana anauliza chochote. Ilikuwaje mara ya kwanza kusikia risasi? Mshahara ulitosha? Ndoa yako ilistahimili miaka ya kuwa mbali? Wazee wengi hueleza ushujaa na kuruka usiku waliokosa usingizi. Mama zetu, wake na wajane wa wanajeshi, waalikwe katika vikao hivi kama wasemaji, maana wao ndio waliobeba nyumba. Binti anayetaka kuwa kadeti apewe mwanamke aliyewahi kuvaa magwanda azungumze naye faragha, kwa sababu yapo maswali ambayo hatamwuliza mzee wa kiume. Mabinti wajue pia kwamba njia ilishafunguliwa: Proscovia Nalweyiso alipigana msituni na NRA, akapanda ngazi hadi kufikia ujenerali.

Fedha za kazi hii si nyingi kama watu wanavyoogopa. Kikundi cha wanachama 40 kikichanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka kinapata shilingi 2,400,000. Gawanyeni hivi: nusu iende kwenye nauli za vijana kwenda kusahihisha vyeti na kwenda kwenye usaili, robo kwenye viatu vya mazoezi na vipimo vya afya kwa wasio na uwezo, na robo inayobaki kwenye tuzo na siku yake. Mkiona tuzo inakula zaidi ya robo, rudini kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Kijana akiwa Kabamba

Mafunzo hukata mawasiliano, na mama aliyezoea kupigiwa simu kila Jumapili huanza kuwaza mabaya. Wekeni mtu mmoja wa kuitembelea familia mara moja kwa mwezi. Haendi na habari za siri, anakwenda kukaa, kunywa chai, na kueleza kwamba ukimya huu ni wa kawaida, hata sisi tulipitia. Kama kijana aliacha mke au mtoto mchanga, angalieni karo na dawa.

Wapo watakaorudi kabla ya kumaliza. Mguu umevunjika, moyo umeonekana na tatizo, au ameshindwa tu. Na wapo ambao hawakuchukuliwa kabisa, ambao kwa idadi ndio wengi kila mara. Mtaani kijana huyu ataitwa majina. Atajificha ndani. Nyumba yake ifikeni ndani ya wiki ya kwanza, mkiwa wawili, bila maswali ya "ilikuwaje". Baada ya siku kadhaa mkae naye kuangalia milango mingine: polisi, magereza, askari wa wanyamapori wa Uganda Wildlife Authority, chuo cha ufundi, au msimu ujao wa jeshi kama sababu ilikuwa ya kupona. Muacheni aendelee kusaidia kwenye mazoezi na darasa la Kiswahili akitaka. Kikundi kinachowajua walioshinda peke yao bado hakijaanza kazi.

Hatua ya 6: Andikeni vigezo vya tuzo kabla hamjajua majina

Sasa tuzo. Kaeni mwanzoni mwa mwaka, wakati hakuna kijana anayejulikana kuwa mshindi, muandike vigezo kwenye karatasi moja. Visizidi vitano. Mimi ningeweka mahudhurio, namna anavyowasaidia wenzake walio dhaifu, ukweli wa maneno yake, bidii ya masomo au kazi, na huduma aliyoifanya mtaani. Mbio za haraka kuliko wote sijaziweka, kwa sababu mwenye miguu mizuri atapongezwa na kila mtu, ilhali yule aliyerudi nyuma kumsubiri mwenzake haoni mtu wa kumpongeza.

Kamati ya kuchagua iwe na watu watano: wastaafu wawili waliotoka majeshi tofauti, mwalimu mmoja, mama mmoja, na kijana mmoja aliyepata tuzo mwaka uliotangulia. Mwenye ndugu miongoni mwa wanaopendekezwa atoke nje ya chumba. Jina lipendekezwe na mwalimu au mkufunzi anayemwona kijana kila siku, nanyi mlithibitishe. Kama mwaka huo hakuna aliyefikia vigezo, msitoe. Mwaka mmoja mtupu utailinda tuzo kwa miaka kumi.

Kwa ofisa kadeti wa Kabamba, msijipe kazi ya kumpima, chuo kina tuzo zake kwa waliofanya vizuri. Ninyi mtunukuni kama mtoto wa mtaa aliyemaliza, kila mmoja kwa usawa.

Kitu cha kumpa kijana kichaguliwe kwa uangalifu. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kizuri, chenye jina kamili na sababu halisi ya tuzo, kinazidi kikombe cha plastiki. Badala ya "kwa mchango wake mkubwa", andikeni "kwa kuwafundisha wenzake sita kuogelea" au lolote alilolifanya kweli. Ongezeni kitu cha kutumika: saa ya mkononi, begi imara, kamusi, ada ya muhula mmoja, au akaunti ya akiba yenye kianzio. Mzee mmoja akitoa kitu chake cha zamani kisicho mali ya jeshi, mathalani filimbi aliyoitumia kufundishia michezo, kijana atakitunza hadi uzee.

Kuna vitu vya kuepuka kabisa. Msimpe kijana kombati, mkanda wa jeshi, buti za kijeshi wala bereti. Mwaka 2019 bereti nyekundu na mavazi mengine yalitangazwa katika gazeti la serikali kuwa mavazi ya kijeshi, na raia akikutwa navyo anaingia matatani. Zawadi yenu isimpeleke mahabusu. Msibuni pia nishani inayofanana na za taifa. Nishani kama ya Kagera, ya Luwero Triangle na ya Nalubaale zina sheria yake, ya mwaka 2001, na hutolewa na Rais. Kama mna shauku ya kitu cha kuvaliwa, beji ndogo ya kikundi kwenye koti la kiraia inatosha, bila rangi wala nembo ya jeshi.

Hatua ya 7: Chagueni siku, na iwe fupi

Tarehe inasema mengi. Tarehe Sita, 6 Februari, ni siku ya jeshi, ikikumbuka shambulio la Kabamba la 1981, na inafaa kwa kikundi ambacho wengi wake walitoka NRA. 9 Juni ni Siku ya Mashujaa. 26 Januari, siku NRA ilipotwaa madaraka mwaka 1986, wengine wataifurahia na wengine watakaa kimya, mnajua kwa nini. Kwa kikundi chenye watu wa majeshi yote ningechagua 9 Oktoba, siku ya uhuru, kwa maana hakuna mstaafu wa Uganda anayeweza kusema si yake. Walio Jinja wanaweza kuongeza ziara ya asubuhi kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, vijana wakasoma majina ya waliolala pale.

Sherehe isizidi saa mbili. Anzeni na dakika moja ya kimya kwa waliokufa, wa pande zote. Mwalimu asome sababu ya tuzo. Mzee aliyefanya kazi na kijana huyo ndiye amkabidhi, hata kama mgeni rasmi ana cheo kikubwa zaidi, naye mgeni asimame pembeni na kupiga makofi. Mzazi aitwe mbele kwa jina lake, asiitwe "mama wa kadeti" tu. Kijana apewe dakika tatu za kusema. Hotuba za wakubwa ziwe mbili, zisizidi. Chakula kiwe cha kawaida, posho na maharage, au pilau mkiweza, na vijana waliokosa tuzo wale meza moja na wazee.

Picha zipigwe kwa idhini. Picha ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 isitumwe popote bila mzazi kukubali, na picha ya ofisa kadeti mwenye magwanda isirushwe mitandaoni bila ruhusa ya jeshi.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza wa uofisa

Luteni Usu mpya hupata mshahara wake wa kwanza, na wiki hiyohiyo wanatokea binamu asiowajua, mwenye gari la kuuza kwa mkopo, na msichana au mvulana mwenye haraka ya harusi. Mzee mmoja ampigie simu kabla ya mwezi wa kwanza kuisha. Amshauri ajiunge na Wazalendo SACCO, chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, aweke akiba kabla ya kutuma nyumbani, na asisaini mkopo wowote katika miezi sita ya kwanza. Amwulize analala vipi. Akipangiwa operesheni ya nje, familia yake iingizwe tena kwenye ratiba ya matembezi ya kila mwezi.

Fungueni daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Ukurasa mmoja kwa kila kijana: jina, simu ya mzazi, tarehe aliyoanza, mzee anayemwangalia, alikofika. Ukurasa wa pili uachwe kwa kijana mwenyewe, na kazi yake ni kumhoji mzee wake na kuandika historia yake kwa mkono: aliingia jeshini lini, alipita kambi gani, aliwapoteza akina nani. Katibu alitunze kabatini kwa ufunguo, kwa kuwa lina habari za watu. Kila Januari, kabla ya kuzungumzia vigezo vya mwaka mpya, katibu alifungue na kusoma majina ya wale ambao hawajapigiwa simu kwa zaidi ya miezi mitatu, na kila jina lipate mtu wa kulipigia kabla kikao hakijafungwa.